Majina Sitini na Mawili Yasiyojenga Bweni

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Diwani wa Kata yetu ya Chisalawe, Mama Violeth, Mwenyekiti wa Kamati ya Ujenzi, Mzee Geofrey, na wajumbe wako, Mkuu wa Shule, Mwalimu Denis, pamoja na walimu wangu wote, viongozi wa dini mliokuja kutuombea, ndugu wageni waalikwa, wazazi na walezi, wanafunzi wenzangu. Wakubwa wote, shikamooni. Wenzangu, habari za tangu asubuhi.

Naitwa Evarista Ndahani, wa kidato cha nne. Nimechaguliwa kusoma risala ya wanafunzi katika ufunguzi wa bweni letu la wasichana kwa sababu mwandiko wangu unasomeka. Sauti yangu haikufikiriwa, na mnaweza kusikia kwa nini. Mwalimu Ruthu, anayetufundisha Kiswahili, ameniambia nikiogopa nimtazame mtu mmoja tu katikati ya watu. Kwa hiyo Mwalimu, nitakutazama wewe, na nikikuudhi unisamehe.

Risala niliyopewa ninayo. Ina kurasa mbili, na imepigwa chapa vizuri. Nimeisoma tangu Jumatatu, na kila nikifika sentensi ya tano nakwama. Sentensi hiyo inasema: "Wananchi wa Chisalawe, kwa moyo wao wa kujitolea, walichimba msingi, walifyatua matofali elfu kumi na mbili, walijenga kuta na kupiga lipu, wakisaidiwa kidogo na vijana kutoka gereza la jirani."

Wakisaidiwa kidogo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mimi ndiye niliyeshika daftari la msaragambo wa bweni hili tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. Naomba niseme kilichomo, na pia kile ambacho hakikupaswa kuwamo.

Wote hapa tunajua msaragambo wa kwetu unavyokwenda. Kazi ya kijiji ikitangazwa, kila kaya inatoa mtu. Kazi ikiisha, watu wanakusanyika, majina ya waliofika yanasomwa kwa sauti, na asiyesomwa analeta kuku. Hakuna anayebishana, maana kila mtu alimwona mwenzake akiwa na jembe au akiwa hayupo. Mimi nimekua nikisikia majina hayo yakisomwa. Nilidhani hakuna daftari la kweli kuliko hilo hapa duniani.

Tarehe kumi na tatu Januari, siku ya kwanza ya msingi, wananchi walikuja arobaini na watatu. Nawapongeza sana. Walifika saa tatu, wakapigwa picha saa nne, wakanywa soda saa tano, na saa sita msingi ulikuwa na urefu wa hatua nane na kina cha kwenda magotini. Shule ilikuwa na jozi mbili za glovu. Jozi hizo zilivaliwa na wajumbe wa kamati wakati wa picha, na baada ya picha sijaziona tena.

Siku ya pili walikuja sita.

Siku ya tatu lilikuja lori la magereza na wafungwa kumi na wanne waliovaa sare za rangi ya machungwa, wakiwa na Afande Kefa. Kuanzia siku hiyo, kwa wiki kumi na moja, sikuona mwananchi akishika hata karai. Nilikuwa nikipita asubuhi kuhesabu, kama nilivyoagizwa, na wazazi waliokuwa wakielekea mashambani walikuwa wananitania njiani.

"We Evarista, unaandika nini tena? Serikali imetuletea trekta linalokula ugali!"

"Acha wafanye, si wanakula bure?"

"Sisi twende tukapalilie uwele, huo haupaliliwi na mfungwa."

Nilikuwa nacheka. Siwezi kudanganya, nilicheka. Sentensi ile ya trekta inachekesha sana kama hujakaa karibu ukaona mtu anachanganya zege kwa mikono mitupu, saruji ikimla ngozi mpaka anashika koleo kwa kulifunga kitambaa. Sheria inasema mfungwa afanye kazi, nami sijasimama hapa kubishana na sheria. Mtaro wa barabara ukiziba, tunaita wafungwa. Lambo likijaa tope, tunaita wafungwa. Uwanja wa sherehe ukiota magugu, tunaita wafungwa. Basi tuseme ni sawa. Swali langu ni dogo: tukishawaita, wakaja, wakamaliza, ni lazima pia tuseme hawakuja?

Kwa maana hilo ndilo lililofanyika, ndugu zangu. Mwezi wa nne kamati iliniita ofisini, ikanipa karatasi yenye majina sitini na mawili ya wakuu wa kaya, ikaniambia niyanakili kwenye daftari safi, kila jina na siku zake. Mmoja siku saba, mwingine siku kumi na moja, mwingine siku tisa. Niliuliza kwa sauti ya chini: "Hawa walikuja lini?" Nikajibiwa: "Andika tu mwanangu, mwandiko wako mzuri."

Nikaandika. Kwa hiyo, wazazi wangu, kabla sijamlalamikia mtu yeyote, uongo ulioko kwenye daftari lile una mwandiko wangu mimi, na umepigiwa mistari kwa rula yangu.

Nilipofika jina la thelathini na moja nilikuta limeandikwa Eliakimu Ndahani, siku tisa. Huyo ni baba yangu. Baba, shikamoo. Nakuona pale nyuma, karibu na nguzo. Siku zile tisa ulikuwa Bahi ukifuata mpunga, na uliporudi ulituletea kambare waliokaushwa. Nakumbuka kwa sababu tulikula wiki nzima. Jana jioni nilikuambia kwamba jina lako nimelikata, ukanijibu: "Likate na kwenye kadi ya kliniki basi, ili ijulikane huna baba." Baba, jina lako nimelikata kwenye ukurasa mmoja tu. Kwingine kote lipo, na nalipenda.

Sasa niseme kinachonichosha zaidi.

Katika mkutano wa wazazi wiki mbili zilizopita, akasimama mama mmoja, sitamtaja, akasema, "Mimi mwanangu hatalala kwenye nyumba ya wezi. Kuta zimejengwa na watu wenye mikosi." Wakapiga makofi watu wengi. Mwingine akataka bweni liombewe siku tatu kabla mtoto hajaingiza godoro. Mwingine akauliza kama madirisha yamekaguliwa, maana aliyefunga nondo ndiye anayejua pa kuzifungulia. Nilirudi nikafungua daftari. Yule mama wa kwanza, kaya yake ina siku kumi na moja. Yule wa madirisha ana siku nane.

Jamani! Wazazi wetu! Tunaomba mchague. Kama mlilijenga nyinyi, basi mikono mnayoiogopa ni yenu. Kama mnaiogopa kwa sababu ni mikono ya wafungwa, basi hamkulijenga. Inawezekanaje mtu mmoja, katika wiki moja, akajivunia ukuta mbele ya Diwani na akaukimbia mbele ya mwanawe?

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, naomba nikuambie ni nani aliyejenga ukuta huo. Anaitwa Filipo Madeje. Ana miaka ishirini na tisa. Alikuwa mpakia magunia ya mahindi pale soko la Kibaigwa, akagombana na mwenzake kilabuni, akamvunja mkono. Alifungwa miaka miwili. Hasemi kwamba alionewa. Afande Kefa aliniambia kwamba siku ya kwanza gerezani aliulizwa anajua kazi gani, akasema kubeba. Wakampa tofali abebe. Baada ya miezi sita ndiye aliyekuwa anawaelekeza wenzake namna ya kuyapanga.

Wanafunzi tulikatazwa kuzungumza na wafungwa, na mimi sikuvunja amri hiyo. Lakini hakuna aliyetukataza kusikia. Ukuta wa mashariki, huu ulio nyuma ya meza kuu, ulipofika usawa wa kiuno, Filipo aliweka timazi, ile kamba yenye uzito ya kupimia unyoofu, akatazama, kisha akaanza kuondoa matofali. Kozi tatu nzima, mistari mitatu ya matofali! Nyapara wao akaja juu.

"Wewe Filipo, una wazimu? Nani amekutuma?"

"Umelala upande."

"Kwa kidole kimoja!"

"Kidole hapa chini, juu kule ni kiganja."

"Unajenga kama utalala humu!"

Filipo akasema, "Nalala pabaya kila siku mkuu, kwa hiyo napajua." Wenzake wakacheka mpaka Afande Kefa naye akageuka pembeni. Halafu wakarudia zile kozi tatu, kwenye jua la saa nane la kwetu hapa, ambalo hata mbuzi hulikimbia. Hakuna mkaguzi aliyekuwapo. Hakuna mjumbe wa kamati aliyekuwapo. Kama angeuacha ulale, nani kati yetu angejua, mpaka siku ungetuangukia?

Huyo Filipo anatoka Jumatatu.

Upo mpango katika chuo cha ufundi kule mjini wa kuwapima mafundi waliojifunzia kazini. Anayefaulu anapewa cheti, na mwenye cheti anaweza kuandikishwa na mkandarasi kama fundi kamili. Masharti ni mawili. Ajiandikishe kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo, na awe na barua kutoka kwa wenye jengo, iliyosainiwa na mwenyekiti wa kamati, ikieleza kazi aliyoifanya kwa mikono yake. Akikosa wiki ijayo, nafasi nyingine ni mwakani. Na mwaka mzima huo ataishi kwa kazi gani? Atarudi Kibaigwa kwenye magunia, kwenye kilabu kile kile, kwa watu wale wale, na yule aliyevunjwa mkono yupo bado. Afande Kefa alisema hivi, nami nanukuu: "Huyu nikimrudisha pale bila karatasi, namsubiri getini kabla ya Krismasi."

Afande Kefa aliiandika barua mwenyewe, kwa mkono, akaileta kwenye kikao cha kamati. Nilikuwapo, nikiandika mihtasari. Mzee Geofrey, nakuheshimu, na najua umeihangaikia shule hii tangu sijazaliwa. Lakini ulichosema siku ile sijakisahau.

Ulisema, "Afande, nikisaini hii nimejifunga kamba mwenyewe. Taarifa imeshakwenda wilayani, msingi na kuta ni nguvu za wananchi. Sasa hii inasema Filipo. Filipo ni mwananchi wa wapi?"

Kikao kikacheka.

Afande akajibu, "Mzee, amefungwa tu. Uraia hajanyang'anywa."

Ukasema, "Sawa, lakini wilaya ikijua hatukuchangia nguvu, maabara waliyotuahidi itapelekwa kata nyingine. Unataka watoto wetu wakose maabara kwa ajili ya mtu mmoja?"

Hapo ndipo nilipopaswa kunyanyua kichwa. Sikunyanyua. Niliandika: "Barua ilipokelewa, itajadiliwa kikao kijacho." Kikao kijacho ni mwezi ujao. Filipo anatoka Jumatatu, nasi tumepanga kumjadili mwezi ujao!

Mzee wangu, naielewa hofu ya maabara. Mimi ndiye ninayesoma kemia kwa kuchorewa chupa ubaoni. Ninaitaka maabara hiyo kuliko mtu yeyote aliyeketi hapa. Lakini tutaijengaje? Tutaandika tena majina sitini na mawili, na atanakili mdogo wangu? Nilijaribu kufikiri kama mtu mzima, nikashindwa kuelewa jambo moja: kama tunaona aibu kusema wafungwa walijenga, kwa nini hatukuona aibu wakati wanajenga sisi tumekaa?

Ndugu wageni waalikwa, haya maturubai yanayowakinga na jua, viti mlivyokalia, na hizo nguzo za utepe, vimewekwa asubuhi ya leo na watu wale wale kumi na wanne. Walimaliza saa mbili. Magari ya wageni yalipoanza kuonekana barabarani, wakaambiwa wakakae ndani ya lori, nyuma ya stoo, wasiharibu picha. Wapo huko sasa hivi, wanasubiri tuondoke waje wafungue walivyofunga. Spika moja imeelekea upande huo, kwa hiyo nadhani wananisikia.

Fundi Filipo, shikamoo. Na wenzako wote, shikamooni. Sisi wasichana arobaini na wanane tunawashukuru kwa kazi mliyotufanyia. Mvua zikinyesha na korongo la njia ya shule likijaa hatutakaa tena nyumbani wiki nzima tukisubiri maji yapungue. Tulipaswa kuwaambia hili ana kwa ana, nanyi mkiwa mmeketi hapa mbele.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wanafunzi hatuna ombi la meza wala la magodoro leo, ingawa yameandikwa kwenye ile risala nyingine. Ombi letu ni barua hii. Nimeinakili upya, kwa sababu ile ya Afande ilimwagikiwa chai kikaoni. Ni fupi, naomba niisome:

"Tunathibitisha kwamba Filipo Madeje alijenga kuta nne za bweni la wasichana la Shule ya Sekondari Chisalawe, alifunga linta, na alipiga lipu ndani na nje, kati ya Januari na Machi mwaka huu. Kuta zimenyooka. Anayetaka kuhakikisha aje na timazi."

Mstari wa mwisho niliuongeza mimi. Kama haufai, ukatwe.

Chini yake kuna nafasi ya sahihi ya mwenyekiti. Nafasi hiyo iko wazi. Nyuma ya karatasi tumeweka sahihi zetu wasichana wote arobaini na wanane, ingawa Mwalimu Denis ametueleza kwamba sahihi za wanafunzi hazina nguvu chuoni. Tunajua. Tulitaka tu fundi aone majina ya wanaolala ndani.

Na hii hapa ni karatasi ya pili. Ni ukurasa mpya wa daftari la msaragambo. Una siku ya kwanza, wananchi arobaini na watatu. Una siku ya pili, wananchi sita. Baada ya hapo una majina kumi na manne, wiki kumi na moja. Nimeuandika bila kutumwa na mtu, na kama kuna adhabu ya kufanya hivyo, mwandiko unajulikana ni wa nani. Mzee Geofrey, ukihitaji kwenda wilayani kueleza kwamba taarifa ya kwanza ilikosewa, nitafuatana nawe. Nitasema aliyenakili ni mimi. Kama maabara itaondoka kwa sababu tumesema kweli, nitaendelea na chupa za ubaoni, na hutanisikia nikinung'unika. Na kama wilaya itasema tuchange nguvu upya, basi wazazi wetu, jembe la kila kaya lipo, na wiki ijayo mavuno ya uwele yanakwisha.

Mheshimiwa, utepe uko tayari na mkasi uko mbele yako kwenye sahani. Barua ninaiweka hapo hapo kando ya mkasi, upande wa Mzee Geofrey. Tunakuomba kwa heshima zote, mama yetu, usikate bado. Wasichana wamesimama mlangoni na mabegi yao, na tumekubaliana hatuingii kwanza. Hatufanyi mgomo. Tunasubiri tu, kama tulivyofundishwa kusubiri wakubwa wamalize mazungumzo yao. Mkasi unaweza kungoja hata mpaka jioni. Jumatatu haingoji.

Namshukuru Mwalimu Ruthu, ambaye nimemtazama muda wote na hajanifumbia macho. Namshukuru baba yangu, ambaye hajaondoka. Nanyi nyote asanteni kwa kunivumilia na kunisikiliza hadi hapa. Nimemaliza, naketi.